Mercedes 240D ya 1979, injini imekwama, kilomita 900: nitoe propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi kwenda nyuma) au nitafute trela?

Mkongojo79 ameuliza:

Habari zenu wakuu. Baba mdogo ameniachia Mercedes 240D ya 1979, bodi ya W123, gia za mkono spidi nne. Imelala bandani miaka mingi. Injini haizunguki hata ukitia spana kwenye puli ya krenki, kwa hiyo suala la kuiwasha halipo. Nataka kuileta ninapoishi, kilomita 900 na ushee, karibu zote lami, ila katikati kuna mteremko mrefu wa mlima.

Ninayo pikapu ambayo kitabu chake kinaruhusu kuvuta trela lenye breki hadi kilo 3,500. Tatizo ni ushauri. Jirani anasema tufunge chuma cha kuvutia, mmoja akae ndani ya Mercedes ashike usukani. Rafiki yangu ana kile kitrela kidogo kinachoinua magurudumu ya mbele tu, anasema weka nyutro uende zako. Fundi mmoja kaniambia niingize gia ya nne, nikandamize klachi kwa ubao kati ya pedeli na kiti, eti oili itazunguka yenyewe. Mwingine anasema nilivute kinyumenyume, magurudumu ya nyuma yawe juu. Kila mmoja anaapa kwamba njia yake ndiyo sahihi.

Giaboksi ilikuwa nzima siku baba mdogo alipoliegesha gari. Nataka ifike nzima. Nisaidieni.

chuma_cha_kale:

Usisumbuke sana ndugu. Gari linalokufa likivutwa ni la automatiki. La gia za mkono weka nyutro tu. Mimi nimevuta Datsun yangu hivyo kutoka shambani hadi gereji na giaboksi inafanya kazi hadi leo.

Nahodha_wa_Trela:

Mkongojo, pole kwa kuondokewa na baba mdogo. Kazi yangu ni kubeba magari ya zamani, na W123 ni kati ya yale ninayoyapakia mara kwa mara. Nianze na hilo la nyutro, maana ndilo linaloharibu giaboksi za watu, na uharibifu wenyewe hujitokeza baadaye kabisa, gari likishafufuliwa, mwenyewe asijue umetoka wapi.

Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, ukilivuta magurudumu hayo yakiwa chini, magurudumu yanazungusha ekseli, ekseli zinazungusha difu (lile sanduku la gia katikati ya ekseli za nyuma), difu inazungusha propela, na propela imeungwa moja kwa moja na shafti kuu ya giaboksi. Nyutro haikati huo mfuatano. Nyutro inatenganisha upande wa injini tu. Sasa, giaboksi kama hii haina pampu ya oili. Oili hurushwa na gia za shafti ya chini, ile iliyozama ndani ya oili, na shafti ya chini huzungushwa na injini kupitia klachi. Injini ikiwa imezima na gia ipo nyutro, shafti ya chini imesimama. Gia zote zilizovikwa kwenye shafti kuu nazo zimesimama kwa sababu meno yake yameumana na ya chini. Shafti kuu peke yake ndiyo inayozunguka, ndani ya gia zilizosimama, juu ya beringi ambazo hakuna anayezirushia oili. Ninayoihofia kuliko zote ni ile beringi ndogo pale ncha ya shafti kuu inapoingia ndani ya shafti ya klachi.

Piga hesabu uone. Tairi la gari hilo likizunguka mara moja linasogea kama mita 1.95, na difu ya 240D ya gia za mkono ina uwiano wa 3.69. Ukienda 80 kwa saa, propela inazunguka zaidi ya mara 2,400 kwa dakika. Kwa kilomita 900 nzima, itazunguka zaidi ya mara milioni 1.6. Chuma_cha_kale hadanganyi, kutoka shambani hadi gereji ule utando wa oili uliobaki kwenye vyuma unatosha. Safari yako haifanani na hiyo hata kidogo.

Kuhusu automatiki yuko sahihi, na wengine mnaosoma mshike hili. Pampu ya automatiki inazungushwa na upande wa injini. Injini ikizima hakuna presha, oili haifiki kwenye beringi wala kwenye sahani za klachi za ndani. Ndiyo sababu vitabu vingi vya magari hayo vinaweka kikomo cha kilomita 50 hivi, kwa mwendo usiozidi 50 kwa saa. Zipo automatiki za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 zilizokuwa na pampu ya pili upande wa nyuma, na hizo zilistahimili. Usidhani yako ni miongoni mwao hadi uone imeandikwa.

Ubao kwenye klachi. Fundi aliyekwambia anaijua giaboksi, sikatai. Kwenye gia ya nne shafti ya klachi na shafti kuu zinafungwa pamoja, shafti ya chini inazunguka, oili inaruka. Lakini angalia kinachokulinda ni nini: ubao mmoja na mafuta ya klachi yaliyokaa humo miaka mingi. Sili ya silinda ya klachi ikianza kupitisha, pedeli inabaki chini pale ulipoibana na ubao wako haujasogea, huku klachi inarudi kushika polepole. Injini yako imekwama. Klachi ikishika, magurudumu ya nyuma yanafunga ukiwa barabarani, na wewe upo mbele kwenye pikapu hujui chochote. Kwa injini nzima ningesema ni ushauri mbaya. Kwa injini iliyokwama ni hatari kwa watu walio nyuma yako.

Kuvuta kinyumenyume kunaiokoa giaboksi kabisa, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayagusi lami. Taabu inahamia mbele. Magurudumu ya mbele yamepangwa yajinyooshe yenyewe gari likienda mbele. Likirudi nyuma mpangilio uleule unayasukuma yageuke. Watu hutegemea loki ya usukani. Ile loki ni kipini kidogo cha kumzuia mwizi, haikutengenezwa kushikilia magurudumu kwa saa kumi. Ni lazima usukani wenyewe ufungwe kwa mkanda, na hata hapo injini, kitu kizito kuliko vyote ndani ya gari, ipo mwisho kabisa wa msafara, na trela hupiga mkia. Kutoka mtaa mmoja hadi wa pili, taratibu, sawa. Kilomita 900, hapana.

Na chuma cha kuvutia, tafadhali mkatalie jirani yako. Kwenye dizeli hii kifaa cha kulainisha breki kinategemea pampu ya vakyumu inayozungushwa na injini. Anayekaa ndani atakanyaga pedeli ngumu kama jiwe, kwenye breki ambazo hazijafanya kazi miaka, akishuka mlima. Simwombei mtu yeyote kazi hiyo.

Kwa hiyo tafuta trela la ekseli mbili lenye breki zake, gari zima likae juu. Gari lina kama kilo 1,400, trela la namna hiyo mara nyingi ni kilo 600 hadi 900. Pikapu yako inaweza. Angalia pia leseni yako inaruhusu uzito huo wa jumla.

Bi_Spana:

Naunga mkono Nahodha. Naongezea kwa yule ambaye trela kubwa halipatikani na amebaki na kile kitrela kidogo. Hapo propela itoke, yote. Msitoe upande wa difu tu mkaifunga kwa waya chini ya gari. Waya ukikatika propela inachimba lami.

Kwenye W123 propela ni vipande viwili, ina beringi katikati, na kila ncha imeungwa kwa duara la mpira lenye matundu sita, bolti tatu upande huu na tatu upande ule. Kabla ya kufungua chochote chukua rangi, weka alama kwenye flanji (kile kisahani cha chuma cha kuungia kwa bolti), kwenye mpira na kwenye vile vipande viwili vinapoingiliana, ili siku ya kurudisha kila kitu kikae kilipokuwa. Propela imesawazishwa kiwandani kwa mpangilio huo, ukiugeuza gari litatetemeka na utalaumu matairi. Bomba la moshi lazima lishushwe kwanza. Halafu kuna nati kubwa katikati inayobana sehemu ya kuteleza, hiyo ilegezwe mapema, bila hivyo propela haifupiki na utahangaika kuichomoa. Mipira ikiwa na nyufa usiirudishe.

Uzuri wa gari hili ni kwamba flanji inabaki kwenye giaboksi, kwa hiyo oili haimwagiki. Kuna magari mengi ambayo ncha ya propela inachomekwa ndani ya mkia wa giaboksi, ukiichomoa oili inafuata. Hayo lazima uzibe tundu vizuri, uchafu usiingie.

Difu msiiogopee. Gia yake kubwa inazunguka na magurudumu na inachota oili yenyewe, ilimradi oili imo. Kinachonitia hofu kwenye gari lililolala ni breki za nyuma. W123 ina diski nyuma, na ndani ya kitovu cha diski kuna viatu vidogo vya breki ya kuegesha. Vikishika kutu vinaganda. Inua kila gurudumu, lizungushe kwa mkono. Likikataa, hilo halivutwi likiwa chini, propela iwepo isiwepo.

Mkongojo79:

Asanteni sana, mmenitoa gizani. Nimepata trela la ekseli mbili, tupu ni kilo 700, jumla linaruhusiwa kilo 2,700, lina winchi ya mkono. Breki zake ni zile zinazojibana trela linapoisukuma pikapu. Naomba kuuliza zaidi: gari liangalie mbele au nyuma? Nifunge wapi, maana chini kuna kutu? Nilifunike na turubai? Na kule mteremkoni?

Nahodha_wa_Trela:

Sasa tunaongea. Kilo 2,100 kwa jumla, umebaki na nafasi nzuri.

Liangalie mbele. Injini ikae upande wa pikapu. Unachotafuta ni uzito kidogo ulale kwenye kiungio, asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa jumla, yaani kilo 105 hadi 210 kwako, na usizidi kile ambacho kitabu cha pikapu na kiungio chenyewe vinaruhusu. Uzito ukiwa mdogo pale mbele, trela litayumba hata barabara ikiwa nyoofu. Ukizidi, mkia wa pikapu unalala na usukani unakuwa mwepesi. Kusogeza gari sentimita 15 tu mbele au nyuma kunabadilisha mambo, kwa hiyo usifunge mkanda hata mmoja kabla hujapima. Ukishapata mahali pake, piga alama kwa chaki kwenye mbao za trela, pale tairi lilipogusa.

Kabla ya kupakia, trela liwe limeungwa na pikapu na breki ya pikapu imefungwa, na chini ya kona za nyuma za trela uweke magogo au stendi. Magurudumu ya kwanza yakipanda, uzito wote upo nyuma kabisa na trela linataka kuinua mkia wa pikapu. Watu wengi hawaliwazi hilo hadi waone pikapu inaning'inia. Jaza upepo kwenye matairi ya Mercedes hata kama ni mabovu, tairi bapa linaongeza mzigo kwa winchi na gari linapanda upande. Asisimame mtu nyuma ya gari wala kwenye mstari wa waya, hata kwa sekunde.

Kufunga: kutu ya W123 hupenda sehemu za kutia jeki pembeni na sakafu iliyo karibu, kwa hiyo usitie ndoano hapo. Usipitishe mkanda kwenye mabomba ya breki, kwenye fito za usukani, wala kwenye ile fito ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Mimi nafunga magurudumu yenyewe. Mkanda unapita juu ya tairi, wenye vishikizo vya mpira visivyoteleza, unashuka mbele na nyuma ya tairi hadi kwenye trela, kisha unakazwa kwa racheti. Magurudumu yote manne. Sababu yake ni springi. Ukifunga bodi, unaivuta chini springi zibane. Barabarani gari likipiga shimo, bodi inashuka, mkanda unalegea, ndoano inaweza kuchomoka. Ukifunga gurudumu, bodi inacheza juu ya springi zake na mkanda haujui. Angalia lebo ya mkanda ina uzito wa kazi ulioandikwa. Mkanda usio na lebo au ulioliwa na jua acha nyumbani. Waya wa winchi nao ubaki umefungwa, lakini usiuhesabu kama mkanda.

Baada ya kilomita 20 za kwanza simama, kaza tena. Matairi yanajikalia, mikanda inanyooka, kila safari utakuta racheti inakubali meno mawili matatu zaidi. Kisha kila unaposimama zunguka uguse kila mkanda kwa mkono, na uguse vitovu vya magurudumu ya trela. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, beringi au breki ya pale ina neno.

Turubai, hapana, nakusihi. Upepo wa 80 kwa saa unalipigapiga, vumbi linaingia chini yake, na linasugua rangi safari nzima. Nimepokea gari lililofika limekwanguka hadi rangi ya chini kwenye kingo zote za boneti na paa, na mwenye gari alikuwa amelifunika kwa nia njema kabisa. Acha wazi. Toa vifuniko vya rimu, chomoa waya wa betri, pandisha vioo vyote, na chochote kilicholegea kitolewe sasa, hasa zile fito za kromu pembeni ambazo vibanio vyake vimeoza.

Mteremkoni: punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka, ingiza gia ndogo, iache injini ya pikapu ishike uzito. Breki za trela lako zinashika kila trela linapoisukuma pikapu, kwa hiyo ukikanyaga breki mfululizo zinabana muda wote na zinachemka. Kanyaga kwa nguvu kidogo, mwendo ushuke, achia, zipoe. Ukisikia harufu, simama penye usalama na usimwage maji. Na trela likianza kupiga mkia, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, acha mwendo ushuke wenyewe. Usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha, na usikanyage breki kwa ghafla.

chuma_cha_kale:

Nahodha, nimekuelewa kuhusu nyutro, sikuwahi kuwaza kwamba shafti ya chini inasimama. Ila likiwa juu ya trela aweke gia au nyutro? Nimesikia gari likiachwa kwenye gia kule kutikisika kunaumiza meno.

Nahodha_wa_Trela:

Kama mikanda imeshika magurudumu sawasawa, gari halisogei, na meno hayana cha kuumia. Mimi naweka gia ya kwanza kama kinga ya pili. Kwake yeye, na injini iliyokwama, hiyo ni kinga ngumu hasa. Breki ya kuegesha siifungi kwenye gari lililolala, kwa sababu aliyoitaja Bi Spana: vile viatu vikiganda tena, utashindwa kulishusha. Wenye automatiki wasitegemee P, ile nafasi ya kuegesha, peke yake, ni kijino kimoja cha chuma kinachobeba kila mtikisiko.

Wakati wa kushusha, winchi ikaze kwanza hadi waya ukazike, ndipo ulegeze mikanda, ndipo utoe gia. Kwa mpangilio huo huo. Kanyagio la breki la gari hilo usilihesabu.

Bi_Spana:

Mkongojo, kitu kimoja kabla hujaenda na trela. Umeshajaribu ufunguo? Loki ya usukani ya W123 ina tabia ya kuchakaa, na kwa gari lililokaa miaka, ufunguo unaweza kuingia lakini ukakataa kugeuka. Hapo usukani umefungwa, magurudumu yakiwa yamekatwa kulia au kushoto hayatanyooka, na gari halitapanda trela. Usiulazimishe kwa koleo, utavunjika humo ndani na kazi itakuwa mara tatu. Puliza mafuta mepesi ya kupenya, uingize na kuutoa mara nyingi, ukiugeuza kwa nguvu ndogo huku mkono mwingine ukiucheza usukani kulia na kushoto. Ukigeuka, uache hapo hapo, usiurudishe hadi gari lifike kwako. Ukigoma kabisa, tafuta vile visahani vyenye vigurudumu vinne vya kuwekea chini ya matairi ya mbele, gari litasogezwa kwa ubavu hadi kwenye ngazi za trela.

Mkongojo79:

Sijajaribu. Ufunguo ninao hapa. Nitaenda wikiendi hii na jeki, mafuta ya kupenya na pampu ya upepo, nipime kila gurudumu kabla ya kuchukua trela. Nitaandika nilichokikuta.